Mahali pa Data Badilifu za Programu za Kompyuta: Historia Fupi na Funzo Lake kwa Taasisi za Umma za Bujumbura

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya swali linaloonekana dogo: programu ya kompyuta inayosambazwa kama kifurushi ihifadhi wapi faili zinazobadilika kila siku inapotumika? Inafuatilia jibu la swali hilo tangu mfumo endeshi wa Unix hadi kanuni za Linux za mwaka 1994 na baada yake, kisha inapima programu tatu zilizotumika sana Afrika Mashariki, yaani CDS/ISIS, OpenMRS na DHIS2, kwa kipimo cha kanuni hizo. Hoja kuu ni kwamba utengano kati ya programu, ambayo hupatikana tena, na data badilifu, ambazo hazipatikani tena, umekubaliwa kimaandishi kwa miongo mitatu. Hata hivyo, programu zinazobeba kumbukumbu za umma katika kanda yetu zimekuja kila moja na desturi yake, na taasisi zimezirithi desturi hizo bila kuziamua. Makala inapendekeza kwamba mahali pa data badilifu pawe suala la mkataba na sera.

1.0 Utangulizi

Mwanzoni mwa mwaka 2019 sheria iliifanya Gitega kuwa makao makuu ya kisiasa ya Burundi, na Bujumbura ikabaki kuwa kitovu cha uchumi na biashara. Uamuzi wa namna hiyo huibua maswali mengi ya kiutawala, na mengi kati ya hayo hujibiwa kwa malori: meza, makabati na majalada hupakiwa, hushushwa na kupangwa upya. Lipo swali moja lisilojibiwa kwa lori. Taasisi ikihamisha seva yake, au ikiibadilisha kwa mpya, ni faili zipi ambazo lazima ziende, na ziko wapi ndani ya mashine?

Swali hilo halihusu kuhama tu. Huulizwa kila programu inaposasishwa, kila diski inapoharibika na kila mkaguzi anapotaka kujua kama nakala za akiba zimekamilika. Kwa Burundi lina uzito wa pekee. Tangu Aprili 2010 utaratibu wa kuvilipa vituo vya afya kwa kuzingatia utendaji umeenea nchi nzima, na kwa utaratibu huo takwimu ya kituo ni sehemu ya hesabu ya fedha zake. Mahali faili zinapokaa si jambo la fundi peke yake pale ambapo faili iliyopotea yaweza kuwa ushahidi wa malipo.

Katika makala hii istilahi tatu zinatumika kwa maana maalumu. Data tuli ni faili zinazokuja na kifurushi na zisizobadilika hadi kifurushi kibadilishwe: msimbo wa programu, picha za vitufe, maelezo ya msaada. Data badilifu ni faili ambazo programu yenyewe huziandika inapofanya kazi: rekodi za wagonjwa, viambatisho, kumbukumbu za matukio. Saraka ni chombo cha kupangia faili katika diski, ambacho watumiaji wengi hukiita folda.

2.0 Chimbuko la Utengano: Kutoka Uhaba wa Diski hadi Kanuni

Ni rahisi kudhani kwamba mpangilio wa saraka katika mifumo ya jamii ya Unix ulibuniwa na wanazuoni walioketi na kutafakari. Historia inaonyesha vinginevyo. Katika maabara za Bell nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa na mashine yenye diski ndogo. Diski ya kwanza ilipojaa, sehemu ya programu za mfumo ilihamishiwa katika diski ya pili, iliyokuwa na faili za watumiaji chini ya saraka ya /usr. Tangu hapo programu za mfumo na faili za watu zikawa majirani. Foleni za uchapaji, kumbukumbu za matukio na faili za muda nazo zikawekwa humo humo. Uhaba ndio uliopanga nyumba.

Ujirani huo haukuleta shida kubwa hadi mazingira yalipobadilika. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Sun Microsystems iliuza vituo vya kazi visivyo na diski, vilivyosoma programu zao kupitia mtandao kutoka seva moja. Ili mashine nyingi zishiriki /usr moja kwa usalama, ilibidi saraka hiyo iwe ya kusomwa tu, isiandikwe. Kwa hiyo kila kilichobadilika kililazimika kutoka. SunOS 4.0, iliyotoka mwaka 1988, ilizikusanya faili hizo katika saraka mpya iliyoitwa /var. Wakati huohuo toleo la nne la Unix System V lilitenga /opt kwa vifurushi vya ziada kutoka kwa wauzaji wa nje.

Linux ilipoibuka mwaka 1991 na wasambazaji wake kuongezeka, kila mmoja alipanga saraka kwa namna yake. Mnamo Agosti 1993 wanajamii wa Linux walianza juhudi za kuandika kanuni moja, na tarehe 14 Februari 1994 kanuni ya kwanza ilichapishwa kwa jina la FSSTND. Juhudi hizo, zilizoratibiwa na Daniel Quinlan, zilipanuliwa baadaye ili kuihusisha mifumo mingine ya jamii ya Unix. Mwaka 1997 ikatoka FHS 2.0, toleo la 2.3 likafuata Januari 2004, na la 3.0 likatolewa na Linux Foundation mwezi Juni 2015.

Kiini cha kanuni hiyo ni maswali mawili yanayoulizwa kuhusu kila faili. Kwanza, je, inabadilika bila msimamizi wa mfumo kuingilia kati? Pili, je, yaweza kushirikiwa na mashine nyingine? Kutokana na majibu, faili hupewa makazi. Hali ya programu, yaani kile inachopaswa kukikumbuka kati ya kuzimwa na kuwashwa, hukaa katika /var/lib. Kile kinachoweza kutengenezwa upya hukaa katika /var/cache, nazo kumbukumbu za matukio katika /var/log. Kuhusu vifurushi vya nje vinavyosakinishwa katika /opt, kanuni inasema kwa lugha ya sharti: faili zake zinazobadilika ziwekwe katika /var/opt, na mipangilio yake katika /etc/opt. Toleo la 2.3 liliongeza /srv kwa data ambazo mashine inazitoa kama huduma.

Jambo la kuzingatia hapa ni tofauti kati ya /var/lib na /var/cache. Zote mbili zina data badilifu, lakini kupoteza ya pili ni usumbufu wa saa chache, ilhali kupoteza ya kwanza ni hasara isiyofidika. Tofauti hiyo ndiyo inayomwambia msimamizi wa mfumo nini akinakili kila usiku na nini akiache.

3.0 CDS/ISIS: Nidhamu Iliyotangulia

Kabla ya Linux kuenea katika taasisi za kanda yetu, maktaba na vituo vya nyaraka vilikuwa vimeshaonja swali hili kupitia CDS/ISIS. Programu hiyo ya kuhifadhi na kutafuta taarifa za machapisho ilitolewa na UNESCO kwa kompyuta ndogo mwaka 1985. Kwa kuwa ilitolewa bila malipo, iliingia katika maktaba nyingi za nchi zinazoendelea, Afrika Mashariki ikiwemo.

Mpangilio wake katika kompyuta za DOS ulikuwa wa nidhamu ya kupendeza. Programu zilikaa katika saraka ya PROG, menyu katika MENU, ujumbe katika MSG, faili za muda katika WORK, na hifadhidata zenyewe katika DATA. Faili moja fupi, SYSPAR.PAR, ilitaja njia ya kila saraka. Mkutubi aliyetaka kuhamishia hifadhidata diski nyingine alibadilisha mstari mmoja katika faili hiyo, na aliyetaka kupokea toleo jipya la programu aliweza kubadilisha PROG bila kuigusa DATA. Zaidi ya hayo, programu iliweza kutoa rekodi zake katika muundo wa kimataifa wa ISO 2709, hivyo data hazikufungwa ndani ya programu iliyozizaa.

Mfano huu unapinga dhana kwamba utengano wa programu na data ni anasa ya mifumo mikubwa. Ulikuwepo katika kompyuta za disketi, na ulihudumia watu wasio mafundi. Uliwezekana kwa sababu waandishi wa CDS/ISIS walijua kwamba programu yao itatumiwa mbali nao, na watu ambao hawangeweza kuwapigia simu.

Nidhamu hiyo haikurithiwa na kila mfumo uliofuata. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, programu nyingi za Windows ziliandika data zao ndani ya saraka ya Program Files, kando ya programu yenyewe. Windows Vista, iliyofikia umma Januari 2007, ilizuia uandishi huo kwa mtumiaji wa kawaida. Ili programu kongwe zisivunjike, ilizielekeza faili zao kimyakimya kwenye saraka ya siri ya kila mtumiaji, iitwayo VirtualStore. Matokeo yake, watu wawili waliotumia kompyuta moja waliweza kuona data mbili tofauti za programu ileile, na aliyenakili saraka ya programu hakunakili kazi iliyofanywa.

4.0 OpenMRS: Rekodi za Wagonjwa katika Saraka Iliyofichwa

Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, kilianza kutumia mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya Microsoft Access. Uzoefu huo ulichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, mradi ulioanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na shirika la Partners In Health. Kufikia mwaka 2006 OpenMRS ilikuwa inatumika Eldoret nchini Kenya na Rwinkwavu nchini Rwanda.

Rekodi kuu za OpenMRS hukaa katika hifadhidata ya MySQL, ambayo kwa desturi ya Linux huhifadhiwa katika /var/lib/mysql. Hapo kanuni imefuatwa, na imefuatwa na wasambazaji wa MySQL. Lakini OpenMRS ina pia saraka yake ya data. Kwa chaguo-msingi katika Linux saraka hiyo huitwa .OpenMRS na huwekwa katika saraka ya nyumbani ya mtumiaji anayeendesha programu. Ikishindikana kuandikwa hapo, programu hurudi kwenye /var/lib. Kwa maneno mengine, kile ambacho kanuni ya mwaka 1994 ilikitaja kuwa makazi halali kimefanywa kuwa kimbilio.

Nukta iliyotangulia jina hilo si pambo. Katika mifumo ya jamii ya Unix faili au saraka inayoanza na nukta haionyeshwi katika orodha ya kawaida. Ndani ya saraka hiyo iliyofichwa mna moduli, mipangilio yenye nywila ya hifadhidata, faharasa ya utafutaji, na saraka iitwayo complex_obs, ambamo huwekwa viambatisho vya uchunguzi kama vile picha. Faharasa hutengenezeka upya kwa amri moja. Picha ya mgonjwa haitengenezeki. Kwa kipimo cha FHS vitu hivi viwili vilipaswa kukaa mbalimbali. Katika OpenMRS vinakaa chumba kimoja.

Msimamizi anayenakili hifadhidata ya MySQL kila usiku atalala akiamini kwamba amenakili hospitali nzima. Siku ya kurejesha, rekodi zitarudi, na kila rekodi yenye kiambatisho itaelekeza kwenye faili isiyokuwepo.

5.0 DHIS2: Mfumo wa Taifa katika Saraka ya Data Tuli

DHIS ilianzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990, nayo matoleo yake ya awali yalitegemea Microsoft Access. Toleo la pili, DHIS2, liliandikwa upya chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo. Mwaka 2011 Kenya iliisambaza nchi nzima kwa kutumia seva kuu moja inayofikiwa kupitia intaneti, badala ya nakala nyingi zilizotawanyika wilayani. Rwanda, Uganda na Tanzania zikafuata, na Burundi nayo inaitumia kwa taarifa zake za afya.

Mageuzi hayo yalibadilisha uzito wa swali letu. Zama za Access, faili iliyopotea ilikuwa hasara ya wilaya moja. Seva ikiwa moja, uamuzi kuhusu saraka moja huwa uamuzi wa taifa.

DHIS2 huweka takwimu zake katika hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo katika Debian na Ubuntu hukaa ndani ya /var/lib/postgresql. Kila kilichobaki hutafutwa katika saraka inayotajwa na kigeu kiitwacho DHIS2_HOME. Kisipotajwa, programu hutumia /opt/dhis2. Humo mna faili ya mipangilio, dhis.conf, kumbukumbu za matukio, na, kwa chaguo-msingi, saraka ya files yenye viambatisho vilivyopakiwa na watumiaji. Kwa mujibu wa FHS, vitu hivi vitatu vilipaswa kukaa katika /etc/opt, /var/log na /var/opt.

Isidhaniwe kwamba hili ni kosa la uzembe. Mpangilio wa DHIS2 una hoja yake. Saraka moja ni rahisi kuielezea katika mafunzo, kuikabidhi kwa fundi mpya, na kuinakili kwa amri moja. Katika nchi ambamo wasimamizi wa seva ni wachache, urahisi huo si jambo la kubezwa. Aidha, kigeu cha DHIS2_HOME kinampa msimamizi uhuru wa kuchagua mahali pengine, na huo ni uungwana ambao programu nyingi hazina.

Tatizo liko katika kile ambacho jina la saraka humwambia mtu asiyeijua programu. Fundi aliyefundishwa kanuni anajua kwamba yaliyomo katika /opt ni data tuli, yanayopatikana tena kwa kusakinisha upya, kwa hiyo ana haki ya kuiacha nje ya nakala za akiba. Lakini dhis.conf yaweza kuwa na nywila ya usimbaji. Nywila hiyo ikipotea, taarifa zilizosimbwa kwayo ndani ya hifadhidata hazisomeki tena hata kama hifadhidata yenyewe imerejeshwa nzima. Faili ya mistari michache, katika saraka inayodhaniwa kuwa ya data tuli, inashika ufunguo wa taarifa za wagonjwa.

6.0 Kanuni Yageuka Kuwa Kufuli

Kwa miaka mingi FHS ilikuwa ushauri: aliyeikiuka hakuzuiwa na mashine. Hali hiyo imebadilika. Mwaka 2017 systemd, programu inayosimamia huduma katika mifumo mingi ya Linux, iliongeza uwezo wa kuitengenezea huduma saraka yake ndani ya /var/lib pindi inapowashwa. Mwaka 2019 Debian 10 ilitoa kifurushi cha Tomcat 9 kilichofungiwa: karibu mfumo mzima wa faili ulikuwa wa kusomwa tu kwa huduma hiyo, isipokuwa maeneo machache yaliyotajwa kwa majina. Tomcat ndiyo inayoendesha OpenMRS na DHIS2. Programu yoyote ndani yake iliyotaka kuandika nje ya maeneo hayo ilikataliwa hadi msimamizi aongeze ruhusa kwa mkono wake. Desturi iliyokuwa haina gharama mwaka 2011 sasa ikadai maelezo.

Teknolojia ya kontena nayo imelirudisha swali kwa sura mpya. Programu iliyofungwa katika kontena la Docker huandika faili ndani ya tabaka linalotoweka kontena linapofutwa. Kinachobaki ni kile kilichoelekezwa kwenye hazina ya kudumu, ambayo kwa kawaida Docker huiweka ndani ya /var/lib/docker/volumes. Msimamizi analazimika kutaja, kabla ya kuwasha, ni saraka zipi zidumu. Kulazimishwa huko ni kuzuri, mradi anayejibu anajua jibu.

7.0 Mjadala: Funzo kwa Watunga Sera

Historia iliyosimuliwa hapa inatoa funzo la kwanza: hakuna mpangilio wa saraka uliotokana na hekima tupu. /usr ilitokana na diski iliyojaa, /var ikatokana na mashine zisizo na diski, na /opt/dhis2 ikatokana na haja ya urahisi. Kwa hiyo haifai kuichukulia FHS kama msahafu, wala kuzilaumu programu kwa kutoifuata neno kwa neno. Kinachofaa kulaumiwa ni ukimya, yaani hali ambapo taasisi haijaandika popote data zake badilifu ziko wapi.

Funzo la pili ni kwamba hatari haiko kwenye hifadhidata kuu, ambayo kila mtu anaijua. Iko pembezoni: kiambatisho, nywila, moduli, faili ya mipangilio. Hivi ndivyo vinavyosahauliwa, kwa sababu mahali pake hapatangazi thamani yake.

Kutokana na mafunzo hayo, makala inapendekeza mambo matatu kwa taasisi za umma za Bujumbura na za kanda kwa jumla. Kwanza, kila mkataba wa programu uwe na kiambatisho cha ukurasa mmoja kinachotaja mahali pa vitu vinne: programu, mipangilio, data badilifu zisizotengenezeka upya, na data badilifu zinazotengenezeka upya. Kiambatisho hicho kiandikwe kwa lugha ambayo mkaguzi na mwanasheria wanaielewa. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, mifumo inayovuka mipaka imehitaji istilahi za pamoja, na Kiswahili kinaweza kuzitoa.

Pili, chaguo-msingi la taasisi liwe FHS: /var/lib kwa vifurushi vya msambazaji wa mfumo endeshi, /var/opt kwa vifurushi vya nje. Panapokuwa na kigeu kama DHIS2_HOME, kitajwe waziwazi hata kama thamani yake ni ileile ya chaguo-msingi, ili uamuzi uonekane kuwa uamuzi.

Tatu, utengano upimwe kwa vitendo. Kipimo ni rahisi: chukua mashine tupu, sakinisha programu upya kutoka kwa msambazaji, rejesha tu faili zilizotajwa kuwa data badilifu na mipangilio, kisha fungua rekodi yenye kiambatisho. Kikifunguka, orodha ni kamili. Kisipofunguka, taasisi imegundua pengo lake siku ambayo hakuna kilichopotea.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba swali la mahali pa data badilifu lilijibiwa kwa vitendo mwaka 1988, likaandikwa kuwa kanuni mwaka 1994, na lilikuwa limeshapata jibu zuri katika maktaba zilizotumia CDS/ISIS tangu mwaka 1985. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kuiuliza programu swali hilo kabla ya kuipokea. Mamlaka hayo wanayo wanaotia saini mikataba. Fundi anaweza kuhamisha faili anazozijua tu. Wajibu wa kuhakikisha kwamba zote zinajulikana ni wa taasisi.